Zabibu Haisubiri: Maswali Yenu Kuhusu Kazi za Viwanda Vidogo vya Mvinyo Dodoma

Mbukwenyi wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia tu kwamba kabla ya kuja kuandika huku nilifanya kazi miaka 11 kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo hapa Dodoma, niliingia kama muosha chupa nikaja kukabidhiwa funguo za chumba cha matanki, basi toka siku hiyo simu haipumziki, meseji zinaingia mpaka saa sita usiku. Nimekaa nazo wiki nzima. Zinatoka Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Veyula, wengine wako mbali kabisa, na nyingi ukizichimba unakuta shida imeanzia sehemu moja: watu wanakuja kukubaliana mambo msimu ukishaanza. Na zabibu haisubiri mtu. Ikishakatwa kwa jua letu hili, ukichelewa siku mbili inaanza kuchuruzika maji kwenye kreti na nzi wameshajaa, kwa hiyo magari yakishapanga foleni getini hakuna tena wa kuulizwa habari ya mshahara wala nani anashika pampu wala gesi inatokea wapi. Majibu mengi ya leo yatarudi hapo hapo, mnivumilie.

Kwa wasioujua mji wetu, Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kama mwezi wa 2 na wa 3 mvua zikiwepo, alafu tena mwezi wa 8 na wa 9 kukiwa kukavu. Mzabibu hapa haupati baridi ya kuulaza kama Ulaya, ukiupogolea unaamka, miezi minne hivi baadae unavuna. Ndo mana kiwanda kidogo cha huku kinapata presha mara mbili kwa mwaka wakati mwenzake wa Italia anapata mara moja.

Haya tuanze.

*Shikamoo mama. Nipo kiwanda kidogo maeneo ya Hombolo, tuko wafanyakazi sita. Tumemaliza msimu wa mwezi wa nane mpaka leo miezi miwili hatujalipwa, bosi anasema mvinyo haujauzwa. Wiki iliyopita akatupa kila mtu katoni mbili za mvinyo eti tukauze wenyewe tujilipe. Mimi sinywi na sina pa kuuzia. Hii ni haki? – Kijana wa Hombolo*

Marahaba mwanangu. Hapana, sio haki. Umekodisha nguvu zako kwa hela, unalipwa hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mshahara ulipwe kwa fedha, siku mliyokubaliana, na hiyo siku haitegemei kama mvinyo umeuzwa au haujauzwa. Hatari ya biashara ni ya mwenye biashara. Akitaka kukuzawadia chupa mbili za Krismasi ni jambo jema, ila chupa haiingii badala ya mshahara.

Na mimi hili la kulipana kwa mvinyo linaniuma kwa sababu nyingine. Afrika Kusini, kule Western Cape kwenye mashamba ya mizabibu, kwa vizazi na vizazi wafanyakazi walipewa sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo, wanauita mfumo wa dop. Sheria ikaja kupiga marufuku ila mashambani ukaendelea miaka mingi tu baada ya hapo, na madhara yake yapo mpaka leo, familia zimezama kwenye ulevi, watoto wanazaliwa na ubongo ulioathirika kwa pombe aliyokunywa mama akiwa mjamzito. Haikuanza kwa ubaya mkubwa. Ilianza hivi hivi, kikombe kimoja badala ya shilingi. Sitaki kuona hayo yakifika Hombolo.

Lakini nataka pia ujue kwa nini mabosi wadogo wanafika hapo, mana ukijua utajua pa kubana. Hela ya kiwanda kidogo inatoka yote ndani ya wiki chache: mkulima anataka chake akishapima mizani, mafuta ya jenereta, chupa, vizibo, lebo, stempu za kodi. Mvinyo mwekundu uliokamuliwa mwezi wa 8 mara nyingi hauko tayari kuuzwa mpaka mwaka unaofuata. Sasa bosi ambaye hakutenga mishahara kabla ya kununua zabibu anakuwa amegeuza mishahara yenu kuwa zabibu, bila kuwauliza. Kwa hiyo kabla ya msimu, mkae naye nyote sita, mseme kabisa: bosi, hela ya vibarua na ya kudumu itengwe kwanza, ndo tujue unaweza kununua tani ngapi. Akinunua tani 8 akalipa watu, ni afadhali kuliko tani 12 na watu wanadaiwa kodi ya chumba.

Kwa haya madeni ya sasa, andika kila siku uliyofanya kazi kwenye daftari, tarehe na saa, na kama kuna meseji yoyote ya bosi inayokubali deni usiifute. Ongeeni naye kwanza, mpeni siku. Ikishindikana nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, Dodoma wapo. Hamhitaji wakili, mnajaza fomu mnasikilizwa. Ila muda unakimbia: mgogoro wa mishahara unapeleka ndani ya siku 60, ukifukuzwa kazi ni siku 30 tu. Wengi wanakuja kulalamika mwezi wa sita wameshachelewa. Hizo katoni mrudishieni bosi mkiwa na karatasi ya kusaini kwamba amezipokea.

*Dada habari za kazi. Mume wangu ni wa kukoroga na kutoa makapi kwenye matanki. Juzi alirudi kichwa kinamuuma, anasema aliinama kwenye tanki akapata kizunguzungu akashika ukingo asianguke. Wenzake wamemwambia ni kawaida, ni pombe imempanda kwa harufu. Ni kweli? – Mama Wawili, Mpunguzi*

Mama Wawili, sio kweli, na leo kabla hajalala msomee hii yote.

Mchuzi wa zabibu ukiwa unachemka, yaani unachacha wenyewe bila moto, hamira inakula sukari inatoa vitu viwili, pombe na gesi ya kabonidioksaidi. Pombe inabaki kwenye mvinyo. Gesi inatoka, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa kwa hiyo haipandi juu ikapotea, inashuka inalala chini kama maji, inajaa ndani ya tanki, inajaa sakafuni, inajaa kwenye shimo lolote. Na ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Lita moja ya mchuzi ikichemka mpaka mwisho inatoa zaidi ya lita 40 za gesi. Yaani tanki moja la lita 1,000 linatoa gesi ya kujaza chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2 na nusu, chote. Kiwanda kina matanki matano, milango imefungwa usiku kwa ajili ya wezi, asubuhi mumeo anafungua anaingia moja kwa moja anainama. Kizunguzungu ni onyo, hatua inayofuata ni kuzimia, na akizimia akiwa ndani ya tanki dakika chache tu zinatosha.

Nimeliona kwa macho yangu. Mwaka wangu wa tatu, jioni, tulikuwa tumeshahamisha mvinyo wote kutoka kwenye simtanki moja, yamebaki makapi chini kama magoti hivi. Kijana mmoja akavua ndala akaingia na koleo na ndoo, ni kazi tuliyoifanya wote siku zote. Mimi nilikuwa nje ya mlango naosha mipira. Nikasikia koleo linakwangua, kwaa, kwaa, mara ya tatu sikusikia. Mwenzake akainama kumuita, kimya, akapandisha mguu aingie kumtoa, na hapo ndo mlinzi wetu, mtu mzima, akamkamata mkanda wa suruali akamvuta nyuma kwa nguvu wote wawili wakaanguka, anapiga kelele "lalisheni tanki! lalisheni tanki!" Tukalisukuma watu wanne likalala ubavu, makapi yakamwagika, tukamvuta kijana kwa miguu mpaka chini ya mwarobaini. Midomo imebadilika rangi. Alikohoa, akatapika, akafungua macho. Tulipomuuliza baadae alisikia nini akasema hakusikia harufu yoyote, pua iliwasha tu kama umekunywa soda kwa haraka, basi, hakumbuki kingine. Kama yule wa pili angeingia tungekuwa na wawili ndani na hatuna wa kulalisha tanki. Mlinzi alijua kwa sababu kwao walishazika watu wawili waliofuatana kwenye shimo la choo.

Kwa hiyo mwambie mumeo haya. Asubuhi afungue milango na madirisha yote, akae nje muda wa kutosha hewa ibadilike, kama kuna feni iwashwe ikiwa imewekwa chini karibu na sakafu, sio juu ukutani, mana gesi iko chini. Makapi yatolewe kwa reki ndefu kupitia mlango wa chini wa tanki, na kama tanki halina mlango wa chini lilazwe, mtu asiingie. Kazi ya matanki isifanywe na mtu mmoja peke yake hata siku moja. Mwenzako akianguka ndani usimfuate, lalisha tanki, puliza hewa, ita watu. Na kuna hii ya kushusha mshumaa ukiwaka basi ni salama, wazee wengi wanaiamini, mimi siitaki: gesi inaweza kukuangusha wewe wakati mshumaa bado unawaka.

Alafu bosi anatakiwa awe amesajili sehemu ya kazi OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na wafanyakazi wawe kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake analipa mwajiri mwenyewe, hakati kwenye mshahara wa mumeo. Muulize mumeo kama yumo. Asipojua, jibu ni kwamba aende akaulize kesho.

*Mimi ni mkulima wa Mbabala, ekari moja na nusu za Makutupora nyekundu. Mwezi wa pili nilipeleka kreti 40 kiwandani, kijana akatoa kidude akakamulia tone la zabibu akachungulia juani akasema brix 15, bei ikashushwa. Mwezi wa nane shamba lile lile akachungulia akasema 21, nikalipwa vizuri. Hiki kidude kinadanganya au kijana ndo anadanganya? – Mzee wa Mbabala*

Shikamoo mzee wangu. Naelewa uchungu, umelima miezi minne bei inaamuliwa na tone moja. Lakini inawezekana kabisa wote wawili wamesema kweli.

Kile kidude kinaitwa refraktomita, kinapima sukari iliyoko kwenye maji ya zabibu. Brix 15 maana yake kwenye gramu 100 za yale maji, 15 hivi ni sukari. Na sukari ndo pombe ya kesho. Brix 15 inakupa mvinyo wa asilimia 8 hivi, mwepesi, hautunziki, unaharibika haraka. Brix 21 inakupa karibu 12, unasimama wenyewe. Kwa hiyo kiwanda kikipokea za 15 kinalazimika kuongeza sukari ya dukani, hiyo ni gharama.

Kwa nini mwezi wa pili inashuka? Mvua. Mzabibu unakunywa, punje inavimba maji, jua halikai, ukungu nao unapanda unashambulia, mkulima anaogopa kuozewa anavuna mapema. Mwezi wa nane kukavu, jua kali mchana, usiku kunapoa, punje inakuwa ndogo lakini nzito ya utamu. Na kuna wanaomwagilia kwa nguvu siku mbili tatu kabla ya kuvuna ili kilo ziongezeke, mzee wangu kama na wewe unafanya acha, kilo zinapanda brix inashuka, unachoongeza kwenye mizani unakipoteza kwenye bei.

Ila una haki zako pale. Kwanza, kidude kinatakiwa kipimwe na maji safi kabla, tone la maji linatakiwa lisome 0. Mwambie kijana kwa upole, mwanangu nionyeshe na maji kwanza. Kisiposoma 0 kirekebishwe. Pili, tone la punje moja halisemi habari za kreti 40. Punje ya juu ya kichana iliyopigwa na jua ni tamu kuliko ya chini ya kivulini. Zichukuliwe punje kama mia hivi kutoka kreti mbalimbali, juu, chini, katikati, zikamuliwe pamoja kwenye mfuko, ndo ipimwe. Tatu, chungulia mwenyewe, ni mstari tu kati ya bluu na nyeupe, mtu yeyote anaona. Kijana wa refraktomita hapangi bei, nimeshakuwa mimi huyo kijana, unatukanwa na wakulima asubuhi na bosi jioni.

Kubwa kuliko yote, ngazi ya bei mwandikishane kabla hujavuna: brix 20 na kuendelea bei hii, 18 mpaka 20 bei hii, chini ya hapo bei hii au hapokei kabisa. Najua wazee mlioona enzi za DOWICO, kiwanda cha serikali, mlizoea kupeleka tu, na kilipokufa wengi wakakosa soko wakang'oa mizabibu. Karatasi moja iliyosainiwa mwezi wa 6 inakusaidia usifike getini na kreti 40 huku huna pa kuzirudisha.

*Dada yangu naomba msaada. Natengeneza mvinyo nyumbani Veyula, kama lita 300 kwa mwaka, nina vijana wawili. Mwaka huu simtanki moja limegeuka siki na lingine linanuka yai viza. Pia nauza kwa majirani kwenye chupa za maji, nataka nikue niingie dukani. – Mjasiriamali*

Pole sana, lita zinauma. Lile lililogeuka siki halirudi, usidanganywe na mtu anayekuuzia dawa. Vijidudu vya siki vinahitaji hewa, na nakubashiria tanki lilikuwa nusu. Mvinyo ukiisha kuchemka gesi inayoufunika inaisha, hewa inaingia juu, kazi imeanza. Ndo mana tunajaza chombo mpaka shingoni, ikibaki lita 40 unahamishia kwenye galoni ndogo zinazojaa, sio unaziacha kwenye tanki la 200. Na salfa ya mvinyo kidogo kwa kipimo, sio ile ya unga ya kupulizia shambani, kwa mizani ya gramu na sio kwa kijiko. Hiyo siki itenge mbali kabisa na chumba cha mvinyo, na ndoo zake, na mipira yake, uiuze kama siki ya zabibu, ina wateja.

La yai viza lina matumaini kama umewahi. Ile harufu hamira inaitoa ikikosa chakula cha kutosha au ikiteseka na joto, na pia inatokea kama mkulima alipulizia salfa ya unga shambani karibu sana na kuvuna. Hamisha mvinyo uutoe kwenye mashapo, safari hii uache uanguke kwa kurushwa upate hewa, harufu nyingi itatoka. Ikibaki baada ya kuhamisha mara mbili tafuta mtaalamu, usiongeze vitu kwa kubahatisha. TARI Makutupora wapo hapo hapo jirani yako, kituo cha utafiti wa zabibu, nenda kaulize, hawali mtu.

Joto nalo liangalie. Hamira ikipita nyuzi 35 inaanza kufa na mchuzi unasimama katikati. Sisi tulikuwa hatuna mtambo wa kupoza, tulizungushia matanki magunia yaliyolowa tunayamwagia maji kila saa na kutumbukiza chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa kwenye friza, zimeoshwa nje vizuri na vifuniko vimekazwa. Zabibu zikatwe alfajiri ziingie zikiwa za baridi. Huwezi amini masaa hayo machache ya alfajiri yanaokoa nini.

Na vijana wako wawili: usafi wa vyombo ndo nusu ya kazi yao, na kazi hiyo inakula mikono. Wanunulie glavu ndefu na miwani. Ukitumia klorini usiichanganye na kitu chochote cha asidi, inatoa gesi ya sumu, na hata ikiwa peke yake inaweza kuacha ladha ya ukungu kwenye mvinyo, bora usiitumie kabisa ndani ya chumba. Mwenye pumu asifungue mfuko wa salfa.

Kuhusu kukua, anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanatoa mafunzo na barua ya utambulisho, barua hiyo inakupeleka TBS, shirika la viwango, ambao wana utaratibu wa kuwabeba wajasiriamali wadogo, alafu TRA kwa leseni na stempu. Usiogope kodi kabla hujauliza, mvinyo wa zabibu za ndani unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko wa kutoka nje. Ila hizo chupa za maji acha leo.

*Asalam aleikum dada. Nimemaliza chuo sina kazi, nimepata ya kupogolea na kuvuna kwenye shamba la zabibu, zinauzwa kiwanda cha mvinyo. Mimi ni Muislamu, mama hataki kusikia, baba anasema riziki ni riziki. Nifanyeje? – Binti wa Kondoa*

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mimi sio wa kukutolea hukumu ya dini, ila sitakuficha: nijuavyo mafundisho ya dini yako kuhusu pombe hayamtaji mnywaji peke yake, yanamtaja hata anayekamua na anayebeba. Mama yako hajatunga. Nenda kwa sheikh unayemuamini umueleze kazi yenyewe ilivyo, shamba la nani, zabibu zinaenda wapi zote au nusu, alafu umsikilize mpaka mwisho.

Ninachokijua mimi ni zabibu, na zabibu sio mvinyo tu. Watu wa pwani wakiniambia zabibu wanawaza zile kavu za kwenye pilau, na kwa kweli kuzikausha ni biashara inayokosa watu hapa kwetu ingawa jua tunalo la bure. Kuna zabibu za mezani zinazouzwa stendi na barabarani kwenye vifungashio vya kilo, kuna juisi, kuna vitalu vya miche, mche mmoja mzuri wa zabibu unatafutwa kweli. Ujuzi wa kupogolea ukiupata unatembea nao shamba lolote, na mpogoaji mzuri anagombaniwa. Nilikuwa na rafiki yangu kazini, tulishirikiana ndoo moja miaka minne, siku moja akaniambia moyo wake umechoka kubishana, akaondoka akaanzisha kitalu. Sikumlaumu na hatukugombana. Leo miche ya majirani zangu wengi imetoka kwake. Zungumza na mama kwa lugha hiyo, kwamba unaenda kujifunza mzabibu, na utafute shamba ambalo moyo wako hautabishana nalo.

*Nipo Mombasa, nimekunywa mvinyo wa Dodoma mara moja ulikuwa mtamu kama sharubati. Yote iko hivyo?*

Hapana ndugu yangu. Mtamu unapendwa sana ndo mana unauzwa sana, ila kuna mikavu pia, ambayo sukari yote imechemka ikaisha, soma lebo. Nyeupe ya Chenin Blanc kavu, ya baridi, na samaki wenu wa huko, jaribu. Nyekundu ya Makutupora mwachie mbuzi wa kuchoma.

*Mama shikamoo, nimemaliza form four, naanza kazi ya msimu kiwandani mwezi wa nane, sijawahi hata kuingia humo. Nijiandae vipi? – Kijana wa Mvumi*

Marahaba baba. Nimefurahi umeuliza kabla.

Tafuta gambuti za mpira zisizoteleza, sakafu inakuwa na juisi na maji kutwa nzima. Nguo za kubadilisha, mana juisi ya zabibu ikikauka mwilini inanata na nyuki wanakufuata mpaka kwenye daladala. Maji ya kunywa yako mwenyewe. Usipake mafuta yenye harufu kali. Kazi itakuwa kupokea kreti, kuchambua zilizooza na majani, kulisha mashine ya kuponda, alafu kukandamiza maganda yanayoelea juu ya mchuzi mwekundu, mara mbili tatu kwa siku, asubuhi na jioni na wakati mwingine usiku. Maganda yanapanda juu yanakuwa mazito kama zege, ndo yenye rangi na ladha, usipoyazamisha yanakauka yanaalika siki. Mikono itakuwa ya zambarau wiki tatu, haitoki kwa sabuni, usijisugue ukajichubua, kata limao.

Siku ni ndefu msimu ukiwaka. Saa za kawaida kisheria ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, zinazozidi ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Muulize bosi sasa hivi, kabla ya mwezi wa nane, analipa kwa siku au kwa kreti, analipa lini, na ovataimu anaiandika nani. Akikujibu vizuri mwandikishane. Akikasirika kwa kuulizwa tu, kuna viwanda vingine.

Kuna jambo la kuonja. Utaonjeshwa, na unatakiwa uonje, mana ulimi ndo kipimo cha kwanza cha kujua tanki limeanza kuumwa. Lakini tunaonja tunatema, kuna ndoo kwa kazi hiyo, na hakuna atakayekucheka. Sisi wenye kutema ndo tuliodumu. Niliwaona vijana wazuri, wenye akili kunizidi, walianza kumeza asubuhi kidogo, mchana kidogo, msimu wa pili hawaaminiki kushika pampu, msimu wa tatu hawapo. Mmoja nilimfundisha mimi mwenyewe kazi. Kama hutaki hata kuweka mdomoni sema, utapewa kazi ya mizani au lebo.

Siku ya kwanza fika mapema, saa kumi na mbili uwe getini, salimia kila mtu kuanzia mlinzi, alafu muombe akuonyeshe vitu vitatu: bomba kuu la maji linafungwa wapi, swichi kubwa ya umeme iko wapi, na milango ya chumba cha matanki inafunguliwa kutokea upande gani.